Impala ya Kondo Pazi

Halidi alimuaga mkewe kwa uongo. Alimwambia anakwenda Vihingo kufuata rejeta ya trekta, atarudi wakati wa isha, amwekee wali. Zuwena akaitikia bila kuinua macho. Mume wake ni fundi wa kunyoosha bodi za magari pale Zegereni, na fundi wa bodi kila siku ana bati analifuata mahali. Rejeta yenyewe haikuwepo. Nyuma ya pikipiki alifunga kifuniko kimoja cha ringi, amekizungushia gunia kama mtu anayeficha nyama.

Kifuniko kile kilikuja asubuhi mikononi mwa muuza mkaa wa Vihingo. Alisema amekiokota porini, kwao wanakitumia kuwekea kuku maji, kimebonyea, kinyooshwe. Halidi akakigeuza. Akaona mkwaruzo wa msumari upande wa ndani. Herufi H, mguu mmoja umepinda.

Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

H ile aliikwaruza yeye mwenyewe akiwa na miaka minane, na baba yake alimchapa mpaka majirani wakaja kuamua. Sasa ana miaka hamsini na sita, na kidole chake kiliufuata mkwaruzo ule bila kuambiwa.

Nikueleze, maana usipolijua hili utamwona Halidi mwendawazimu. Baba yake, Kondo Pazi, alikuwa dereva wa meneja wa shamba moja la mkonge kule Kibaha. Gari lenyewe Chevrolet Impala ya mwaka hamsini na tisa, rangi ya maziwa, usukani kushoto, refu hata kona ilikuwa inaliona kwanza pua halafu baadaye sana mkia. Nyuma lina mabawa mawili yaliyolala, na taa zake kama macho ya paka. Likirudi jioni, Kondo alipiga honi mara tatu, mama Halidi akafungua geti. Mara tatu, kila siku. Mwaka sabini na saba, siku ya Alhamisi, Kondo aliondoka na gari lile. Hakurudi yeye, halikurudi gari. Watu wakasema kaliuza, kavuka nalo mpaka, kaoa huko. Mama Halidi alizikwa akiwa bado anaitwa mke wa mwizi.

Na huyo mtoto wa mwizi alikua, akawa mgonjwa wa magari yaleyale. Wapo wazee kadhaa Kibaha wenye ugonjwa huo. Wana kundi lao la simu, wanaliita Vyuma vya Kale. Wanatafuta magari ya Kimarekani yaliyosahauliwa: Plymouth imelalwa na kuku, Dodge imeota mpapai kwenye injini, pikapu ya Ford ambayo kijana mmoja aliikata paa akaifunga injini ya lori ikawa inanguruma kama ina kesi na mtu. Wanatumiana picha, wanakumbushana, wanagombana kuhusu mwaka na grili mpaka wanatukaniana wazazi. Na wana sheria moja. Picha haihesabiki mpaka uwe umekaa kwenye usukani. Ya nje, wanasema, hata mwewe anapiga.

Mwenye mdomo mbaya kuliko wote ni Onesmo. Baba yake alikuwa mlinzi wa shamba lilelile la mkonge, na ndiye aliyesema wa kwanza kwamba Kondo kavuka mpaka. Halidi akiitaja Impala tu, Onesmo anatuma sauti: "Halidi, hebu tuambie, mzee aliiuza kwa nani?" Wenzake wanacheka. Miaka sita wanacheka.

Ndiyo maana mchana ule Halidi aliandika kwenye kundi: "Leo naikalia Impala ya baba yangu, iko Vihingo. Kesho Onesmo utaniomba radhi mbele ya watu."

Onesmo akajibu: "Kaa kwanza."

Barabara ya Mlandizi kwenda Mzenga ilikuwa na vumbi la kutosha kumzika mtu. Halidi alifika Vihingo jua limeshashuka kwenye vichwa vya miti. Akafuata njia ya wachoma mkaa aliyoelekezwa, nyumba zikapungua, ikabaki moja. Nje alikaa mwanamke mtu mzima, anachambua mchele kwenye ungo. Bi Mboni, hakuna mwingine anayekaa huku mwisho, muuza mkaa alikuwa amemwambia.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Mikono iliendelea na mchele.

"Samahani, nimeambiwa kuna gari la zamani huko mbele."

"Hakuna gari."

Halidi akafungua gunia, akamwonyesha kifuniko. Ungo ukaanguka, mchele wote chini, na yule mama wala hakuutazama.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Kondo Pazi."

Bi Mboni akatema mate pembeni. "Ndiyo maana. Hata kusimama unasimama kama yeye, kama mtu aliyekuja kudai. Ondoka kwangu. Jua bado lipo, ondoka."

"Nitaondoka. Niambie kitu kimoja tu. Baba yangu alikuwa mwizi?"

Mama yule akatazama upande wa pori. Jogoo alikuwa anawaingiza kuku wake bandani.

"Hakuwa mwizi," akasema. "Alikuwa na mdomo. Alimleta marehemu baba yangu kutoka hospitali kwa gari lile, tuje tumzike hapa. Sisi Wanyamwezi, yeye Mzaramo, mtani wetu. Akafanya utani wake msibani. Mimi nikamjibu. Basi."

"Ukamjibuje?"

"Ondoka!" Akainuka, akaingia ndani. Lakini kabla ya kufunga mlango akatoa kichwa, akanong'ona, na safari hii haikuwa hasira, ilikuwa hofu tupu. "Ukiliona, usikae. Unasikia? Lione, lia, rudi. Usikae."

Komeo likapita.

Sasa mtu mwenye akili zake angegeuza pikipiki. Ameshaambiwa baba hakuwa mwizi, si ndilo alilolifuata? Lakini neno la bibi kizee wa porini Onesmo angelicheka mpaka apaliwe. Halidi alitaka picha. Akaegesha pikipiki, akaingia porini kwa miguu.

Kwanza ilikuja harufu.

Petroli. Si petroli ya siku hizi, ile nzito ya zamani, imechanganyika na ngozi ya viti na mafuta ya nywele ya baba yake. Halidi alisimama, machozi yakamjaa kabla hajaona kitu. Halafu chini ya harufu ile ikaja nyingine, baridi.

Kafuri. Ile wanayopaka maiti.

Akasukuma tawi.

Lilikuwepo. Impala, rangi ya maziwa, linang'aa kama limefutwa sasa hivi kwa flana. Matairi yamejaa upepo. Kioo hakina hata vumbi. Na nyasi, ndugu yangu, nyasi zilizo chini ya matairi zilikuwa zimesimama wima. Hazikulala hata moja. Ringi tatu zina vifuniko. Ya nne iko wazi.

Halidi hakuziangalia nyasi. Aliiangalia ringi. Akapiga magoti, akakipachika kifuniko chake, kikaingia kwa mlio uleule. Akalia kwa sauti, mzee mzima mwenye wajukuu. "Hukuuza," akasema. "Hukuuza, baba." Akapiga picha za nje saba. Mbali kabisa adhana ya magharibi ikaanza. Ilipokwisha, pori halikurudia sauti zake. Hakuna mdudu. Hakuna ndege. Hakuna jani.

Picha saba. Hata mwewe angezipiga.

Akafungua mlango wa kushoto. Akakaa.

Kiti kilikuwa na joto.

Joto la makalio ya mtu aliyeinuka sekunde ile ile. Halidi alilisikia, nakuapia alilisikia, na bado akainua simu, akatabasamu meno yote, akajipiga picha na usukani. Hapo ndipo mlango ukajifunga. Taratibu, kwa adabu, kama unafungwa na dereva kwa ajili ya bosi.

Tik.

Akavuta kitasa. Akavuta tena. Akapiga bega.

"Utaumia bure," ikasema sauti upande wake wa kulia. "Umechelewa sana, Halidi."

Alikuwa amekaa pale, koti la udereva, kofia magotini. Kondo Pazi. Miaka thelathini na nne, ndevu nyeusi tii, shavu halina kunyanzi. Alikuwa kijana kuliko mtoto wa kwanza wa Halidi.

"Usigeuke nyuma," baba yake akanong'ona. "Yupo."

Halidi hakugeuka. Lakini kile kioo kidogo juu ya kichwa hakikuhitaji kugeukiwa. Kiti cha nyuma, kipana kama kitanda, kilikuwa na kitu kirefu kilichofungwa shuka nyeupe. Shuka ilikuwa inapanda na kushuka. Kidogo... kidogo sana... kama mtu anayepumua kwa siri.

"Mzee Mayunga," Kondo akasema. "Baba yake Mboni. Mchawi wa kwelikweli, na kila mtu alijua. Tulipofika msibani nikafunga milango. Nikawaambia, 'Mchawi wenu huyu simtoi mpaka mnikomboe.' Si ndivyo mtani anavyofanya? Anazuia maiti, wanampa chochote, yai, kibaba cha unga, watu wanacheka, maiti anazikwa. Hakuna anayekasirika na utani. Haijawahi kutokea. Mboni akakasirika. Akaja dirishani hapo, akasema, 'Hatukupi kitu. Kaa naye humo humo.'"

"Halafu?"

"Halafu huyu wa nyuma akacheka."

Shuka ikapanda. Ikashuka.

"Gari likawaka lenyewe, likaingia porini. Nasikia walizika mgomba badala yake." Kondo akamtazama mwanawe, na jicho lake halikuwa na huruma nyingi. Miaka arobaini na nane ndani ya gari inamaliza huruma. "Wewe nani kakwambia ukae kwenye kiti changu?"

"Nilitaka kukusafisha jina."

"Jina!" Akaguna. Akanyoosha mkono mbele ya kifua cha mwanawe, mkono baridi kama bati la asubuhi, akabonyeza honi. Mara tatu.

Sauti ile ilimpasua Halidi katikati. Akawa na miaka minane, anakimbilia geti.

Majani yakavunjika nje. Bi Mboni akatokea, khanga imemwanguka begani, anahema, ameshika kitu kwa mikono miwili. Akasimama dirishani upande wa usukani, palepale aliposimama akiwa msichana. Alipomwona Kondo akafumba macho.

"Miaka yote nasikia honi hiyo jioni," akasema. "Naziba masikio. Nimezeeka nimeziba masikio."

"Umezeeka kweli, mtani," Kondo akasema. "Ulikuwa mzuri kidogo, sasa hata hicho kidogo kimekwenda."

Hakuna aliyecheka. Bi Mboni akafungua mikono. Lilikuwa yai moja, la kienyeji, dogo.

"Marehemu amenijia ndotoni mara tatu," akasema haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatishwa. "Ameniruhusu ukombozi mmoja, kwa jina moja. Yai anapokea Kondo, maana ndiye aliyezuia. Akilipokea, niliyemtaja anatoka. Siku Kondo akija kulirudisha, ukombozi umevunjika, hakuna aliyetoka. Nilikuwa najipa moyo nije nimtaje yeye. Leo ndiyo nilikuwa nakuja, Mungu ananiona! Sasa nawe umekaa." Akamwangalia Halidi kwa chuki ambayo hakuificha. "Nilikukataza. Mko wawili, yai ni moja. Haya, mwana, sema. Nimtaje nani?"

Shuka nyuma ikaacha kupanda. Hata nayo ilikuwa inasikiliza.

Halidi alimtazama baba yake. Baba ambaye Halidi alimngojea kwenye geti miezi saba, kila jioni, mpaka mama akamkataza. Baba ambaye kwa ajili yake alipigana shuleni, alipigana gereji, aligombana na Onesmo miaka sita. Jina lake lilikuwa mdomoni tayari. Kondo. Silabi mbili.

Nyuma yake kitu kikamgusa shingo. Kitambaa. Na ndani ya kitambaa, kidole.

"Mimi," Halidi akasema.

Bi Mboni akamtaja: mwana wa Kondo. Akapitisha yai dirishani. Kondo akalipokea kwenye kiganja, akaligeuzageuza kwenye mwanga uliobaki.

"Utani mzuri huo, mwanangu," akasema polepole. "Mzuri kuliko wangu."

Tik.

Mlango ukafunguka. Halidi akaanguka nje kwa magoti, akainuka, akakimbia, kiatu kimoja kikabaki. Alipogeuka mara moja tu, nyasi zilikuwa zimesimama wima, hapakuwa na gari, na Bi Mboni alikuwa amekaa chini peke yake, amejifunika uso. Alipoanza kukimbia tena, mama yule akasema ndani ya khanga, "Marahaba." Kuitikia salamu baada ya mambo yote yale! Halidi hakujua kama ni kuagana au ni kulaaniwa, na mpaka leo hajui.

Alifika nyumbani watu wanatoka msikitini. Akala wali. Ndiyo, alikula. Akamwambia Zuwena rejeta ilikuwa imeoza.

Picha ilikuwa imetoka vizuri. Halidi ameshika usukani, meno nje, kiti cha pembeni kitupu. Kabla hajafikiri vizuri, kidole chake kilikuwa kimeshaituma. Kundi likalipuka. Hamsini na tisa halisi! Tazama dashibodi! Mzee umetisha! Halafu Onesmo akaandika, na Halidi akasoma mara mbili, maana si maneno ya Onesmo yule.

"Halidi, nimenyamaza. Kama gari liko Vihingo basi mzee hakuvuka mpaka wowote. Labda baba yangu alisema asichokijua. Niambie ilikuwaje, nami nitaomba radhi mbele ya wote, wallahi, ingawa mimi Mkristo."

Miaka arobaini na nane mtu anasubiri maneno hayo. Halidi akaanza kuandika. Akaandika, "Baba yangu hakuuza." Akakaa akitazama. Wangeuliza, sasa yuko wapi? Wangetaka kwenda kesho, kundi zima, na kila mmoja angetaka kukaa kwenye usukani. Na aliyekaa pembeni angewaeleza, kwa mdomo wake ule, nani alikuja na nani aliondoka.

Akafuta.

Akaandika: "Aliliuza kwa watu wa huko. Mlisema kweli siku zote. Wenyewe wameshalihamisha, msihangaike kwenda."

Akazima simu. Usingizi ulimchukua vizuri tu, na hilo ndilo linalonichukiza kuliko yote.

Asubuhi jua lilikuwa kali. Zuwena alimwekea chai ya rangi, chapati, na yai la kukaanga lenye kitunguu. Halidi alikuwa na njaa ya ajabu. Alikula haraka, akapangusa sahani kwa chapati, akatafuna tonge la mwisho.

"Hivi," Zuwena akasema huku akikunja nguo, "siku hizi unafuga kuku gereji? Hilo yai nimelikuta mlangoni alfajiri. Limewekwa kwenye kifuniko cha ringi, kina herufi H, nikajua chako. Nikasema nisiliache likaharibika, bado lilikuwa na joto."

Halidi akaitazama sahani tupu.

Kifuniko kile alikuwa amekipachika mwenyewe, kwa mkono wake, akasikia kikiingia.

Nje, karibu sana na geti, honi ikalia. Mara tatu.

"Kaa umalize chai, mimi nafungua," Zuwena akasema. Akajifunga khanga, akatoka.